Huna Wengu? Iulize Damu Yako

Ukambani tumezoea kuujua wengu kwa kuvimba. Kala-azar ilipozuka Kitui mwaka wa 1952, wagonjwa walitambulikana kwa tumbo lililotuna upande wa kushoto huku mikono na miguu imekonda. R. B. Heisch, mtafiti aliyeufuatilia mlipuko ule, aliuandika mwaka wa 1954, na tafiti zilizofuata zikamtaja usubi anayejisitiri katika vichuguu vya mchwa kuwa ndiye msambazaji. Nusu karne baadaye, huko Makueni, watafiti waliwapima watoto wa shule wakakuta kwamba malaria ya mara kwa mara ikikutana na kichocho cha matumbo katika mtoto mmoja, ini na wengu huvimba zaidi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2004. Kwa hiyo si ajabu kwamba muuguzi wa Migwani, akiletewa mtoto mwenye homa isiyoisha, humlaza chali na kuingiza vidole chini ya mbavu za kushoto. Anatafuta wengu, ambao wengine huuita bandama, uliokua kupita kiasi.

Makala haya nawaandikia watu ambao vidole hivyo haviwezi kuwasaidia. Hawa ni wale ambao wengu wao ulitolewa kwa upasuaji, au bado upo mahali pake lakini umekwisha kuacha kazi. Mtu wa namna hii hana dalili ya kumtambulisha. Analima, anapanda ndengu, anaoa, anasomesha watoto, na miaka kumi au ishirini inapita akiwa na afya njema. Kisha siku moja inamjia homa inayofanana na homa nyingine zote, anameza panadol na kulala, na kesho yake jioni hayupo. Vifo vya namna hiyo vinaniumiza zaidi ya vingine kwa sababu vingi vinazuilika, na dalili ya kumtambua mtu aliye hatarini mara nyingi imo ndani ya damu yake, inaonekana kwa hadubini ya kawaida kabisa. Inahitaji tu mtu wa kuiulizia.

Nianze na jinsi wengu unavyopotea. Siku hizi barabara ina sehemu kubwa. Lami inayotoka Kitui kupitia Kabati na Migwani kuelekea Mwingi imetupunguzia vumbi na saa za safari, na bodaboda zimejaa kila steji. Mtu akigongwa au akianguka na usukani ukamchoma ubavu wa kushoto, wengu ni miongoni mwa viungo vya kwanza kupasuka, maana umelala chini ya ubavu wa tisa hadi wa kumi na moja, una damu nyingi na ngozi yake ni nyembamba. Wengu uliokwisha kuvimba kwa malaria au kala-azar hupasuka hata kwa pigo dogo. Ukianguka, kisha ukasikia maumivu upande wa kushoto wa tumbo, au kwenye ncha ya bega la kushoto ambalo halikugongwa, au kizunguzungu ukisimama, usikubali kupelekwa nyumbani ukapumzike. Nenda hospitali, hata kama umepanda pikipiki nyingine mwenyewe. Na kwa kuwa wengu huweza kuvuja polepole na kupasuka siku kadhaa baada ya ajali, mtu asikwambie kwamba hatari imepita kwa sababu tu umelala usiku mmoja salama.

Madaktari wa upasuaji siku hizi hujitahidi kuuokoa wengu pale inapowezekana. Lakini mgonjwa akiwa anavuja damu tumboni, akiba ya damu ni chache na hakuna mashine ya kumchunguza kila saa, kuutoa ndiko kunakomrudisha mtu kwa watoto wake. Sitaki msomaji yeyote amlaumu daktari aliyemtoa wengu. Ninachotaka ni kwamba baada ya mshono kupona, kazi isiishie hapo.

Wapo pia wanaoupoteza wengu bila kisu. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu huzaliwa nao, lakini seli zake zilizojikunja kama mundu huziba mishipa midogo ya wengu tena na tena hadi unakauka na kuwa kovu. Kazi yake huanza kupungua mapema, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka wa 1969 daktari Howard Pearson na wenzake nchini Marekani walionyesha jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii: wengu wa mtoto wa selimundu unaweza kuwa mkubwa, unashikika kwa mkono, na bado ukawa haufanyi kazi. Ukubwa wa wengu, basi, hautoshi kukwambia kama unamlinda mtoto.

Sasa tuingie kwenye damu yenyewe. Seli nyekundu hutengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Ikiwa changa huwa na kiini kama seli nyingine, lakini kabla ya kuingia kwenye mzunguko hukitupa nje ili ipate nafasi ya kubeba hewa na wepesi wa kupita katika mishipa myembamba. Mara nyingine kiini hakitoki chote. Kipande kidogo cha vinasaba hubaki ndani, na seli huingia njiani na mabaki hayo. Hii si ajali ya nadra wala ugonjwa. Hutokea kwa kila mtu, kila siku.

Wengu ndio unaoyashughulikia. Ndani yake damu hulazimika kupita katika nyufa nyembamba sana, nyembamba kuliko seli yenyewe. Seli nyekundu ni laini, kwa hiyo hujipinda na kupenya, lakini kile kipande kigumu cha kiini hukwama nyuma, kikanyofolewa na kumezwa na seli walinzi zilizopo pale. Seli inatoka upande wa pili ikiwa safi na inaendelea na kazi. Mama anayechambua ndengu kabla ya kuinjika chungu hufanya vivyo hivyo: kijiwe anakitupa, punje anairudisha. Katika wengu huohuo hunyofolewa pia vimelea vya malaria vilivyouawa na dawa, chembe za chuma, na vipande vya hemoglobini iliyoharibika. Seli zilizozeeka kabisa na zisizoweza kujipinda hubaki na kuvunjwavunjwa.

Wengu ukiondoka, hakuna wa kuchambua. Katika muda mfupi baada ya upasuaji, seli zenye mabaki ya kiini huanza kuonekana kwenye damu, na kwa kawaida huendelea kuonekana maisha yote. Mtaalamu wa maabara akiipaka rangi slaidi na kuitazama kwa lenzi ya mafuta, huviona vidoa vya duara, vyenye rangi ya zambarau iliyokolea, mara nyingi kimoja katika seli moja, na kila kimoja kina upana wa takriban mikroni moja. Huitwa vidoa vya Howell-Jolly, kwa majina ya William Howell wa Marekani aliyevieleza mwishoni mwa karne ya 19 na Justin Jolly wa Ufaransa aliyevirudia mwanzoni mwa karne ya 20. Hawakuwa na mashine kubwa. Walikuwa na hadubini, kioo na rangi, vitu ambavyo maabara ya Migwani, ya Mwingi na ya Kitui pia inavyo.

Hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo, nao ni mwepesi kuutekeleza. Kama una mshono wa zamani katikati ya tumbo au ubavuni kushoto na hukuwahi kuelezwa kilichotolewa, au kama karatasi yako ya kutoka hospitalini ina neno splenektomi, nenda maabara uombe slaidi nyembamba ya damu itazamwe kwa hadubini. Usiombe hesabu kamili ya damu peke yake. Ile mashine inayotoa karatasi yenye safu ya tarakimu huhesabu seli vizuri sana, lakini kwa kawaida haikwambii kama zina vidoa ndani. Baada ya kutolewa wengu inaweza kuonyesha tu kwamba chembe za kugandisha damu zimeongezeka, jambo linalofaa kufuatiliwa lakini lisilotosha. Na kipimo cha haraka cha malaria, kile kikaratasi cha mistari miwili, hakionyeshi seli hata moja. Nakipenda kipimo hicho, kimeokoa wengi mahali pasipo na umeme wala hadubini. Ila kadiri tunavyokitegemea ndivyo slaidi zinavyopungua, na fursa ya kuviona vidoa hivi inapungua pamoja nazo.

Ukiomba, sema sababu. Mtaalamu anayetafuta malaria hutumia zaidi tone nene, ambalo seli zake nyekundu hupasuliwa makusudi ili vimelea vionekane haraka. Humo kidoa cha Howell-Jolly hakina tena seli ya kukaa ndani yake, na kinaweza hata kudhaniwa kuwa kimelea. Inahitajika slaidi nyembamba, iliyopakwa vizuri Giemsa au Leishman, na macho yaliyoambiwa yatafute nini. Kwa hiyo kwenye fomu daktari aandike wazi: mgonjwa alitolewa wengu mwaka fulani, tafadhali tafuta vidoa vya Howell-Jolly. Mstari huo mmoja hubadilisha kazi ya maabara kutoka kupekua hadi kujibu swali. Kama daktari amesahau, mwambie mtaalamu wewe mwenyewe unapotolewa damu. Si utovu wa adabu. Wengi wao hufurahi kupewa sababu.

Kusoma jibu nako kunataka uangalifu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu makosa ya hapa yana gharama. Vidoa vikionekana kwa mtu aliyepasuliwa, jibu ni dhahiri. Vikionekana kwa mtu asiye na mshono wowote, maswali yanaanza: amepimwa selimundu? Ana ugonjwa sugu wa utumbo, kama ule wa kutovumilia ngano, ambao nao hudhoofisha wengu? Ana upungufu wa vitamini B12 au wa foliki asidi, ambapo uboho hutengeneza seli zenye kasoro nyingi kuliko wengu mzima unavyoweza kuchambua? Anameza haidroksiyurea, ambayo huongeza vidoa hivi kwa mtoto wa selimundu? Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, anaweza kuwa navyo kwa muda kwa sababu wengu wake haujakomaa. Kila moja ya njia hizi ina matibabu yake, na kazi ya daktari ni kuzipambanua, pengine kwa msaada wa picha ya ultrasaundi.

Jibu linalodanganya zaidi ni lile lisilo na kitu. Vidoa vya Howell-Jolly huonekana pale kazi ya wengu inapokuwa imepungua sana. Wengu uliodhoofika kiasi unaweza kuipita slaidi salama. Kuna kipimo kingine, cha kuhesabu seli zenye vishimo juu ya ngozi yake kwa hadubini ya aina maalumu, ambapo zikizidi asilimia 4 wengu huhesabiwa kuwa umedhoofika. Ni kipimo kikali zaidi lakini hadubini yake ni adimu. Tena kuna hili: wengu unapopasuka katika ajali, vipande vyake vidogo huweza kumwagika tumboni, vikashika na kukua. Mtu huyo anaweza kuwa na vidoa vichache au asiwe navyo kabisa, na akafurahi kwamba wengu umerudi. Asifurahi mapema. Vipande hivyo huchuja kiasi, lakini havijathibitishwa kumlinda mtu kama wengu mzima, na wapo waliokuwa navyo wakauawa na maambukizi yaleyale. Kama ulitolewa wengu, jihesabu kuwa huna, hata slaidi isiposema kitu.

Vidoa vyenyewe havimdhuru mtu. Kinachodhuru ni kwamba wengu unaochambua seli ndio pia unaokamata bakteria wenye koti la sukari, wale ambao walinzi wengine wa mwili huteleza juu yao. Mkubwa wao ni pneumokokasi, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Nyuma yake wapo meningokokasi na Hib. Mwaka uleule wa 1952 ambao Kitui ilikuwa ikipambana na kala-azar, huko Marekani madaktari King na Shumacker waliandika habari za watoto wachanga watano waliotolewa wengu kisha wakapatwa na maambukizi makali ya damu. Hadi wakati huo wengi waliamini kwamba wengu ni kiungo ambacho mtu anaweza kuishi bila hicho pasipo hasara. Sasa tunajua kwamba maambukizi hayo, ingawa si ya kila siku, yakitokea huua hadi nusu ya wanaopatwa, na huweza kumaliza kazi ndani ya saa 24 hadi 48. Miaka miwili mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Hata hivyo hatari haiishi. Wapo waliokufa miongo kadhaa baada ya upasuaji.

Kwa hiyo slaidi ikishathibitisha, yako mambo ya kufanya, na la kwanza ni chanjo. Aliyepangiwa upasuaji achanjwe angalau wiki mbili kabla. Aliyepasuliwa kwa dharura achanjwe kuanzia wiki mbili baadaye, mwili ukiwa umetulia. Huanza chanjo ya pneumokokasi ya aina iliyounganishwa, kisha baada ya wiki nane au zaidi ile ya aina 23, ambayo hurudiwa baada ya miaka mitano. Huongezwa ya meningokokasi, ya Hib, na ya mafua kila mwaka. Watoto wetu wana bahati: Kenya iliingiza chanjo ya Hib katika ratiba ya kliniki mwaka wa 2001 na ya pneumokokasi mwaka wa 2011, bila malipo. Mtu mzima mara nyingi hulazimika kununua, na huenda akatumwa Nairobi. Ya meningokokasi wanaoijua sana ni mahujaji, kwa kuwa hawaruhusiwi kuingia Makka bila hiyo. Kwa hiyo uliza kwenye vituo vinavyowachanja wasafiri. Najua nauli na bei ni mzigo kwa familia iliyokwisha kuuza mbuzi kulipia upasuaji. Kama fedha hazitoshi kwa zote, anza na pneumokokasi.

Pili ni penisilini. Madaktari wengi humpa mtu mzima miligramu 250 asubuhi na jioni kwa mwaka mmoja hadi mitatu baada ya upasuaji, na wengine maisha yote kama kinga yake ni dhaifu kwa sababu nyingine. Daktari wako ndiye atakayeamua, na mwenye mzio wa penisilini hupewa dawa tofauti. Sina maneno mengi hapa isipokuwa moja: usiache kwa sababu unajisikia mzima. Dawa hii humezwa na mtu mzima ili abaki mzima.

Tatu ndiyo roho ya makala haya. Homa kwa mtu asiye na wengu ni dharura, sawa na kuvuja damu. Ukisikia baridi ya kutetemesha, joto la nyuzi 38 au zaidi, kichwa kikali, kutapika pamoja na homa, au madoa mekundu ya ghafla kwenye ngozi, usingoje kupambazuka. Mwombe daktari wako mapema akuandikie dawa ya akiba ya kuweka nyumbani, kwa mfano amoksilini yenye klavulaneti, ili umeze dozi ya kwanza dalili zinapoanza. Kumeza huko hakuchukui nafasi ya safari. Kunakununulia saa chache tu. Toka wakati huohuo. Ukifika, neno la kwanza mdomoni mwako liwe: sina wengu. Usianze na homa ilianza lini, anza na hilo.

Kisha ujue unachopaswa kutarajia. Mwenzako mwenye wengu akipimwa malaria na kipimo kikasema hana, huambiwa arudi nyumbani na panadol, na mara nyingi hupona. Eneo letu lina malaria ya msimu, huja baada ya mvua na kupungua, kwa hiyo vipimo vingi vitasema hakuna. Kwako wewe, jibu hilo ndilo linalopaswa kumtia daktari wasiwasi zaidi. Unahitaji sindano ya antibayotiki kali, kwa kawaida seftriaksoni, haraka iwezekanavyo. Kama kuna uwezo wa kuotesha damu maabara, ichukuliwe kabla ya sindano, lakini sindano isicheleweshwe kwa kungojea chupa. Na kipimo kikisema unayo malaria, bado hakijafuta uwezekano wa bakteria. Vyote viwili vinaweza kukaa katika mwili mmoja usiku mmoja. Mhudumu akikwambia ungojee asubuhi, mwombe kwa upole awasiliane na daktari aliye zamu, na jamaa uliyekuja naye asichoke kuuliza. Ndiyo maana usije peke yako.

Malaria yenyewe inastahili neno lake. Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka wa 2005, uliowafuatilia watu wazima 33 waliotolewa wengu, uliona kwamba vimelea na homa vilijitokeza kwao mara nyingi zaidi kuliko kwa wenye wengu. Mkamba aliyezaliwa hapa, anayesema malaria haimwezi, akishatolewa wengu aachane na usemi huo. Alale ndani ya neti mwaka mzima, na akisafiri kwenda Mombasa, Kilifi au Kisumu amwone daktari kabla ya safari ampe dawa ya kinga. Na mtu asishtuke akitibiwa malaria, akapata nafuu, kisha slaidi ikaendelea kuonyesha vimelea kwa siku kadhaa. Nchini Thailand ilionekana kwamba kwa wasio na wengu, vimelea vilivyouawa na dawa hubaki ndani ya seli kwa sababu hakuna wa kuvinyofoa. Daktari atazame hali ya mgonjwa pamoja na slaidi kabla ya kusema dawa imeshindwa.

Kwa mama wa mtoto wa selimundu: kwenu huenda mkaambiwa kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa Magharibi na Pwani. Ni kweli kwamba huko umeenea zaidi, lakini watu wa Ukambani wameoana na watu wa huko vizazi na vizazi, na watoto hawafuati mipaka ya kaunti. Kilifi, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009, bakteria waliooteshwa kutoka damu ya watoto wa selimundu walikuwa pneumokokasi kwa asilimia 41, salmonela asilimia 18 na Hib asilimia 12. Ndiyo ileile familia ya wadudu wanaomvamia asiye na wengu, na wengi wao wana chanjo. Usingoje slaidi ionyeshe vidoa ndipo uanze kinga. Penisilini huanza mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu, miligramu 125 mara mbili kwa siku, ikapandishwa hadi 250 akitimiza miaka mitatu, na kuendelea angalau hadi miaka mitano. Pamoja nayo proguanili ya kila siku kuzuia malaria. Vidoa kwa mtoto huyu vinathibitisha tu kile ambacho kipimo cha selimundu kimekwisha kukwambia.

Turudi kwa wote wasio na wengu. Mbwa akikuuma, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo. Pamoja na kichaa cha mbwa, kuna bakteria wa mdomoni mwa mbwa ambao humshinda mtu asiye na wengu kwa haraka ya kutisha, na utahitaji antibayotiki hata kama jeraha ni dogo.

Kisha andika kadi. Kipande cha karatasi ngumu chenye jina lako, mwaka wa upasuaji, chanjo ulizopata na tarehe zake, dawa usizoweza kumeza, na kwa herufi kubwa: SINA WENGU, HOMA NI DHARURA. Ifunike kwa plastiki, iweke pamoja na kitambulisho, na piga picha yake kwenye simu ya mwenzi wako. Mhudumu wa afya wa kijiji chenu aijue. Anayeendesha bodaboda aiweke palipo na leseni, maana anaweza kufika hospitali akiwa hawezi kusema.

Wako waliopasuliwa zamani, wengine miaka ya themanini na tisini, ambao hakuna aliyewaambia lolote kati ya haya. Mzee wangu, mama yangu, hamjachelewa. Chanjo inafaa leo kama ilivyofaa wakati ule, na slaidi itawajibu leo kama ambavyo ingaliwajibu siku mlipotoka wodini. Kama faili limepotea na hospitali haikumbuki, damu bado inakumbuka.

Na wewe uliye kwenye hadubini, huku foleni imejaa hadi mlangoni, nakuomba hili kwa heshima ya kazi yako. Umeletewa slaidi ya malaria, malaria hukuiona, lakini umeona seli yenye kidoa kimoja cha zambarau, kisha nyingine, kisha ya tatu. Hujaulizwa hilo. Liandike hata hivyo, mpigie daktari aliyemtuma, kisha mtu aende nje akamtafute mgonjwa kabla hajapanda gari la kurudi Nguutani.